Kalamu za Zamani na Tabia za Watu: Tunachojifunza kwa Tarbell, Bly na Morel

Fungua gazeti lolote la Kiswahili kwenye tanzia au makala ya mtu mashuhuri, utakuta maneno yale yale: mchapakazi, mcheshi, mtu wa watu, asiyependa makuu. Wahariri tunayapitisha kwa kuwa hayamuudhi mtu. Sasa liondoe jina la anayesifiwa, uweke la mwingine. Habari haitikisiki hata kidogo. Maana yake ni kwamba hakuna mtu aliyeelezwa pale. Kilichochapishwa ni fomu iliyojazwa jina.

Kazi ya kuhariri makala za watu na taasisi imenirudisha mara nyingi kwa waandishi wa zamani, hasa wa Marekani na Uingereza wa kati ya mwaka 1870 na 1920. Baadhi yao walifikia jambo ambalo vyumba vyetu vya habari bado vinalihangaikia, yaani kuonyesha tabia ya mtu au ya kampuni kwa nyaraka. Tena wapo kati yao waliotuachia, kwa kalamu ile ile, kazi bora kabisa na kazi ya aibu. Ukiziweka mbili hizo mezani, unaona wazi mahali kalamu ilipoteleza.

Nitakaa zaidi kwa Ida Tarbell, kwa sababu kwake somo hili limekamilika kuliko kwa mwingine yeyote.

Tarbell alizaliwa mwaka 1857 Pennsylvania, akakulia kwenye maeneo ya visima vya mafuta. Kuanzia Novemba 1902 hadi Oktoba 1904 jarida la McClure's lilichapisha mfululizo wake wa makala 19 kuhusu kampuni ya Standard Oil na mwenye kampuni hiyo, John D. Rockefeller. Swali lililokuwa vinywani mwa watu wakati huo lilikuwa la tabia: je, kampuni hii imekua kwa sababu ni hodari, au kwa sababu ni dhalimu? Waandishi wengi walikwisha kulijibu kwa matusi, na wengine kwa sifa. Tarbell alichukua mkataba akausoma.

Mkataba wenyewe ni wa mwaka 1872, kati ya kampuni iliyoitwa South Improvement Company na reli tatu kubwa: Pennsylvania, New York Central na Erie. Rockefeller na wenzake walikuwa miongoni mwa wanahisa wake. Nauli ya pipa moja la mafuta ghafi kutoka kwenye visima hadi Cleveland iliwekwa senti 80, lakini wanachama wa South Improvement walirudishiwa senti 40 kwa siri. Hadi New York nauli ilikuwa dola 2.56, na punguzo la siri dola 1.06. Mpaka hapo mtu anaweza kusema ni biashara tu, mwenye mzigo mkubwa hupewa bei nafuu. Kifungu kilichofuata ndicho kizito: mshindani asiye mwanachama akisafirisha pipa lake mwenyewe hadi Cleveland kwa senti 80, reli ilitakiwa ichukue senti 40 kati ya hizo na kuwapa wanachama. Mtu anasafirisha mali yake, na kila pipa linamlipa adui yake. Zaidi ya hayo, reli zilipaswa kuwapelekea wanachama taarifa za mizigo yote ya washindani: nani ametuma, kiasi gani, kwenda kwa nani.

Mpango huo ulivunjika baada ya miezi michache kwa hasira ya wachimbaji. Lakini katika kipindi hicho kifupi Rockefeller alikwisha kununua zaidi ya viwanda 20 kati ya 26 vya kusafishia mafuta mjini Cleveland. Msomaji wa Tarbell akifika hapa hahitaji kuambiwa kampuni ina tabia gani. Senti 40 zimeshasema.

Huo ndio ufundi wa kwanza, nami nausisitiza kwa kila anayeanza: ukitaka kueleza tabia ya taasisi, tafuta mahali ilipokuwa na hiari ya kuchagua, kisha onyesha ilichagua nini na kwa bei gani. Kipeperushi hakifai kwa kazi hiyo, wala hotuba ya mwenyekiti. Mkataba unafaa, kanuni ya adhabu inafaa, jedwali la malipo linafaa, kwa sababu viliandikwa kwa ajili ya kutumika na wala havikulengwa kwa msomaji wa gazeti.

Nyaraka zenyewe alizipata wapi? Sehemu kubwa hazikuwa siri hata kidogo. Bunge la Marekani lilichunguza mpango wa South Improvement mwaka 1872. Baraza la kutunga sheria la jimbo la New York liliunda kamati iliyochunguza reli mwaka 1879. Bunge likarudi kuchunguza makampuni makubwa mwaka 1888. Ushahidi wa viapo ulikuwa umepigwa chapa, umefungwa kwenye majalada, na hakuna aliyekuwa na subira ya kuusoma. Kijitabu kimoja muhimu, chenye kumbukumbu za South Improvement, kilikuwa kimekuwa adimu kiasi kwamba watu waliamini nakala zimenunuliwa na kuharibiwa; alikipata katika maktaba ya umma ya New York. Kwetu hali si tofauti sana. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutolewa kila mwaka Tanzania, na Mkaguzi Mkuu wa Kenya naye hutoa zake. Hukumu za mahakama ziko kwenye mtandao, kwa TanzLII na Kenya Law. Mwandishi wa kwetu hulalamika kwamba ofisi fulani imekataa kuongea, wakati kurasa 12 za hukumu ambamo ofisi hiyo iliongea chini ya kiapo hazijaguswa.

Jambo la pili alilolifanya Tarbell ndilo lililompa nguvu, nalo ndilo tunaloliruka mara nyingi zaidi. Alitenga sura nzima kueleza ubora halali wa Standard Oil: namna ilivyobana matumizi, ilivyotengeneza mapipa yake yenyewe, mikebe yake, na vifaa vingine ambavyo washindani walinunua kwa watu, ilivyokusanya viwanda mahali panapofaa, ilivyoajiri watu wenye uwezo. Humo anaeleza pia makopo ya bati ya galoni tano yaliyobeba mafuta ya taa kwenda nchi za mbali. Ni ukoo mmoja na debe tunalopimia mahindi sokoni: galoni tano za Marekani ni karibu lita 19, na debe, yaani galoni nne za Kiingereza, ni lita 18 na kidogo. Mafuta ya taa ya Marekani yaliuzwa Unguja tangu karne ya 19, kwa hiyo sura hii inatuhusu kuliko inavyoonekana kwa mara ya kwanza.

Kwa nini sura ya sifa ndani ya kazi ya mashtaka? Kwa sababu msomaji hamwamini mwandishi asiyeona jema lolote kwa anayemwandika. Na sababu kubwa zaidi ni kwamba hoja yenyewe inakuwa kali. Kampuni iliyokuwa na uwezo wa kushinda kwa haki ikachagua njia nyingine imeeleza tabia yake kwa ukamilifu. Iliyoiba kwa kukosa uwezo imeeleza shida yake tu. Ninapopokea makala inayomshambulia mkurugenzi au mchungaji, huuliza kwanza aya ya uhodari iko wapi. Ikikosekana, mwandishi huwa hajaongea na mtu yeyote aliyebaki karibu na mhusika kwa hiari yake.

Tatu, Tarbell alikuwa na mlango ndani ya Standard yenyewe. Kwa msaada wa mwandishi Mark Twain alikutanishwa na Henry H. Rogers, mmoja wa wakubwa wa kampuni, mwanzoni mwa mwaka 1902, na mazungumzo yao yaliendelea kwa karibu miaka miwili. Makubaliano yalikuwa wazi: kila kisa atampelekea Rogers kabla ya kukichapisha, atapokea maelezo, takwimu na nyaraka zake, lakini hukumu ya mwisho itabaki kwake mwandishi. Alimuuliza kama kampuni inawapeleleza washindani kupitia makarani wa reli. Rogers alikana. Baadaye Tarbell akapata karatasi kutoka kwa kijana wa ofisini aliyepewa kazi ya kuchoma kumbukumbu kila mwezi. Kijana huyo aliona kwenye karatasi jina la mwalimu wake wa shule ya Jumapili, msafishaji mafuta wa kujitegemea, ambaye mizigo yake ilikuwa ikifuatiliwa. Tarbell alizichapisha. Urafiki na Rogers ukaishia hapo.

Angalia mpangilio huo: swali kwanza, kanusho likaandikwa, kisha nyaraka. Angetanguliza nyaraka, Rogers angetafuta maelezo ya kuzifunika, na tabia ya kukana isingeonekana. Lakini mpangilio huo una masharti. Kanusho lazima lichapishwe kwa ukamilifu wake pamoja na ushahidi, na mhusika apewe nafasi ya pili ya kujibu akishaona ulichonacho. Bila hayo ni mtego tu.

Sasa tuje kwenye kuteleza.

Oktoba 1903 Tarbell alikwenda kanisa la Wabaptisti la Euclid Avenue, Cleveland, pamoja na msaidizi wake na mchoraji, ili amtazame Rockefeller akiwa shule ya Jumapili na ibadani. Alichokiona alikitumia katika makala mbili za Julai na Agosti 1905 zilizojitaja wazi kuwa ni uchambuzi wa tabia ya Rockefeller. Humo anasoma uso. Anaeleza macho yanayohangaika, midomo myembamba, ngozi iliyosinyaa, na kichwa kisicho na unywele, kana kwamba dhambi za biashara zimechora ramani usoni. Ukweli ni kwamba Rockefeller alikuwa ameugua alopesia, iliyomwondolea nywele zote, nyusi zikiwemo, kufikia mwaka 1901. Ugonjwa ukasomwa kama ushahidi wa moyo. Makala hizo pia zilimwandama baba yake, mwuza dawa wa kuzunguka vijijini, na kumhesabia mwana mambo ya mzazi.

Mwandishi ni yule yule, jarida lile lile, na haujapita hata mwaka mmoja tangu mfululizo ukamilike. Kilichobadilika ni aina ya ushahidi. Mkataba wa 1872 mtu yeyote angeweza kuusoma akafikia hitimisho lile lile, au akabisha kwa kutaja kifungu. Midomo myembamba haiwezi kubishiwa wala kuthibitishwa. Anayempenda Rockefeller angeuita uso huo wa mcha Mungu aliyechoka kwa kazi.

Kabla ya hapo palikuwa na nyufa nyingine mbili, na zinafaa kutajwa kwa sababu hutokea kila siku katika kazi hii. Ya kwanza ni kisa cha mjane Backus wa Cleveland, aliyeiuzia Standard kiwanda cha mafuta ya kulainishia mitambo mwaka 1878 kwa takriban dola 79,000 na kulalamika kwamba alinyonywa. Tarbell alikieleza kwa huruma kubwa. Wanahistoria waliokagua hesabu baadaye walihitimisha kwamba bei ile haikuwa ya dhuluma. Machozi ya mjane yalivuta kalamu kuliko tathmini ya kiwanda. Ya pili ni kwamba ndugu yake wa kiume, William, alikuwa na cheo katika Pure Oil, kampuni iliyoshindana na Standard, na baba yao alikuwa mmoja wa wachimbaji walioumizwa na vita vile vya mafuta. Hayo hayafuti nyaraka. Lakini msomaji alistahili kuyajua kwenye makala yenyewe, kwa sentensi moja fupi, mapema. Sentensi kama hiyo inakugharimu maneno 20 leo. Usipoiandika, mpinzani wako ataiandika kesho na itakuwa ndiyo habari.

Kwa taasisi ambayo mikataba yake huwezi kuipata, mfano wa Nellie Bly unasaidia. Mwaka 1887, akiwa na umri wa miaka 23, alijifanya mgonjwa wa akili ili gazeti la New York World lipate kujua hospitali ya wanawake iliyokuwa kisiwa cha Blackwell ikoje. Alikaa humo siku kumi. Ripoti yake inasomeka mpaka leo kwa sababu ya ratiba. Anaeleza wanawake wanakalishwa kwenye mabenchi yenye migongo iliyonyooka tangu saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku, bila kuruhusiwa kuongea wala kusogea, bila kitu cha kusoma. Anaeleza kuogeshwa kwa maji baridi, siagi iliyooza, nguo nyepesi kwenye ukumbi wa baridi. Kisha anauliza kama mwanamke mzima wa akili akiwekwa hivyo kwa miezi miwili hatapoteza akili. Hakuna haja ya kuwaita wauguzi wakatili. Saa 14 za benchi zinatosha.

Kwa hiyo ukitumwa kuandika kuhusu shule ya bweni, gereza, kituo cha watoto au wodi, anza na saa 24. Nani anaamka saa ngapi, anakula nini na kiasi gani, anasubiri wapi, nani anamwambia nini, mlango unafungwa na nani. Waulize watu wanne wasiokaa pamoja, mmoja awe mfanyakazi wa ngazi ya chini kabisa, na usiwapelekee majibu ya wenzao. Saa zikigongana, hapo pana jambo. Mara nyingi ni ratiba ya wageni na ratiba ya siku za kawaida. Bly mwenyewe aliliona hilo. Alipoandamana na jopo la raia lililoundwa kisheria kwenda kuchunguza kisiwa, alikuta pamesafishwa, chakula kimeboreshwa, na baadhi ya wagonjwa aliowataja hawapo tena pale. Kilichomwokoa ni undani wa maelezo yake ya awali, kiasi kwamba usafi wa ghafla ukawa ushahidi wa ziada.

Mambo mawili ya Bly nisingeyapendekeza leo. Aliandika majina ya wagonjwa wenzake, na alificha utambulisho wake tangu mwanzo mpaka mwisho. Vyumba vya habari vinavyojiheshimu huruhusu kujificha pale tu ambapo jambo ni zito kwa umma, njia za wazi zimejaribiwa na kushindikana, na mhariri ameidhinisha kwa maandishi. Tena Bly alikwenda akijua gazeti lake litamtoa. Mwandishi wa kujitegemea asiye na mtu wa kumtoa asithubutu.

Njia ya tatu ni ya E. D. Morel, na hii inaigusa Afrika yetu moja kwa moja. Morel alikuwa karani wa kampuni ya meli ya Elder Dempster ya Liverpool, iliyobeba mizigo kati ya Antwerp na Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Hakuwahi kufika Kongo. Alichokuwa nacho ni orodha za mizigo. Meli zilirudi zimejaa mpira na pembe za ndovu; zilipokwenda zilibeba maofisa, bunduki na risasi, na bidhaa za kufanyia biashara kidogo sana. Akajiuliza swali la kikarani: kama Waafrika hawalipwi bidhaa, na fedha hawapewi, mpira huu unapatikanaje? Jibu lilikuwa kazi ya kulazimishwa kwa mtutu. Aliacha kazi mwaka 1901, akaanzisha gazeti lake la West African Mail mwaka 1903, na mwaka uliofuata chama cha kudai mageuzi ya Kongo. Barua za wamisionari na picha za watu waliokatwa viungo zilikuja kuthibitisha kile ambacho leja ilikwisha kukieleza. Mwaka 1908 Leopold alinyang'anywa nchi ile, ikawekwa chini ya serikali ya Ubelgiji.

Ufundi wake ni wa kulinganisha daftari mbili ambazo hazikuandikwa ili zilinganishwe. Unaweza kuutumia wilayani. Chukua hati za dawa zilizopokelewa hospitalini kutoka Bohari ya Dawa kwa miezi mitatu, uziweke kando ya vyeti ambavyo wagonjwa wameandikiwa wakanunue nje kwa miezi hiyo hiyo. Chukua kilo zilizopimwa kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, uzilinganishe na kilo zilizolipwa wakulima. Hitilafu hutokea hasa kwenye vipindi na vipimo: daftari moja linafuata msimu, jingine mwaka wa fedha unaoanza Julai, moja linahesabu magunia, jingine kilo, na gunia la lumbesa si la kilo 100. Usiposawazisha hayo kwanza utamwita mtu mwizi kwa kosa la kalenda.

Na Morel naye aliteleza, tena vibaya kuliko Tarbell. Mwaka 1920, Ufaransa ilipoweka askari kutoka makoloni yake ya Afrika kwenye eneo la Rhine nchini Ujerumani, aliandika mfululizo wa makala kali akiwaeleza askari hao kama watu wasioweza kuzuia tamaa zao za mwili, kwa sababu tu ya walikotoka. Yule aliyepigania Wakongo kwa hesabu za meli sasa aliwahukumu Waafrika kwa damu. Safari hii hakukuwa na leja. Nimewasikia wasomi wakishangaa inawezekanaje mtu mmoja aandike yote mawili. Mimi naona inawezekana sana, kwa kuwa wema wa moyo haukuwa ndio uliomlinda mwaka 1901. Zilimlinda orodha za mizigo.

Henry Morton Stanley naye alikuwa katika hatari ya kuteleza tangu mwanzo, maana gazeti la New York Herald lilimtuma alete simulizi ya kuuza. Baada ya kumpata Livingstone Ujiji mwaka 1871 na kukaa naye kwa miezi kadhaa, aliandika kwamba hakumwona na dosari. Wapagazi na viongozi wa msafara, kinyume chake, wamejazwa dosari: uvivu, ubishi, hila. Mmoja wao ni Sidi Mubarak Bombay. Huyu alisafiri na wavumbuzi Burton na Speke kuanzia mwaka 1857, akarudi na Speke na Grant, akawa na Stanley, kisha akavuka bara zima na Cameron mpaka pwani ya Atlantiki mwaka 1875. Speke alimsifu kwa uaminifu, Stanley alimlaumu na hata kumpiga. Sifa na lawama zinapingana, lakini orodha ya safari haipingani na yeyote, nayo inatuambia zaidi: Wazungu waliotaka kuingia bara walimtafuta mtu huyu tena na tena. Chama cha Kijiografia cha London kilimpa medali ya fedha na pensheni.

Kuna jambo hapa ambalo naomba kila mhariri alishike. Katika maandishi ya Stanley, sifa zilikwenda kwa mtu ambaye ndugu na marafiki zake wangesoma kitabu, na dosari zikaenda kwa watu ambao hawangesoma wala kujibu. Pitia makala yako uone maneno mabaya umewarundikia nani. Ukikuta waziri ni "mwenye msimamo" na mlinzi wa getini ni "mkaidi", na wote wawili wamefanya tendo moja la kukataa kufungua mlango, umeandika cheo badala ya tabia.

Upande wa sifa nao una mafundi wake. W. T. Stead, mhariri wa Uingereza, alianzisha jarida la Review of Reviews mwaka 1890 na kuweka humo kila mwezi picha ya maneno ya mtu mmoja. Kanuni yake ilikuwa kumwonyesha mtu kama anavyojiona mwenyewe katika saa zake bora, na si kama maadui wanavyomwona katika saa zake mbaya. Kama swali la kumwuliza mhusika, kanuni hii ni nzuri sana. Hufungua midomo iliyofungwa. Kama hukumu ya mwisho ni hatari, na Stead alidhihirisha hatari hiyo kwa Cecil Rhodes, kinara wa ukoloni wa Kiingereza, ambaye alimpenda mno na kumwandika kama mtu wa ndoto kuu, huku ardhi na damu ya watu wa kusini mwa Afrika vikibaki nje ya picha.

Kwa Kiswahili tunao mfano wa sifa iliyosimama kwenye matendo: wasifu ambao Shaaban Robert aliuandika juu ya mwimbaji Siti binti Saad. Mapenzi yake kwa Siti yako wazi. Hata hivyo msomaji anapewa mambo ya kushika: binti wa kijiji cha Fumba, muuza vyungu, asiyepata elimu ya darasani, aliyehamia mjini Unguja mwaka 1911 na kufikia kurekodi sahani za santuri katika mji wa Bombay, India, mwaka 1928. Toa kila neno la sifa humo, na Siti bado amesimama.

Kwa makala ya maneno 1,200 namna ninayoishauri ni hii. Andika rasimu bila kujizuia, kisha pigia mstari kila neno la tabia. Pembeni ya kila moja andika tarehe na mahali, na ama namba ya waraka ama mashahidi wawili wasiotegemeana. Penye pembeni patupu, futa. Yatakayobaki yasizidi matatu, na kila moja likae baada ya tendo lake. Maelezo ya uso, mwili na mavazi yabaki pale tu yanapohusu alichofanya mtu: viatu vilivyochakaa vya diwani anayetembea kata nzima vinahusu, upara wake hauhusu. Kabila, dini na wazazi vivyo hivyo. Makala itapungua, pengine nusu. Usiijaze kwa vivumishi vingine. Rudi kazini utafute tendo jingine.

Limebaki suala la majibu ya mhusika. Rockefeller hakumjibu Tarbell hadharani; aliwaambia watu wake wanyamaze. Majibu yake marefu aliyatoa kati ya mwaka 1917 na 1920 katika mazungumzo ya faragha na mwandishi William Inglis, na hayakuchapishwa wakati huo. Wanahistoria waliyatumia baadaye kupima madai ya Tarbell kisa kwa kisa, na yale yaliyojengwa juu ya nyaraka yalihimili kuliko yale ya mjane na ya uso. Mhusika akikataa kuongea nawe, usiandike kwamba juhudi za kumpata ziligonga mwamba. Andika tarehe ulizomtafuta, njia uliyotumia, maswali uliyomtumia na muda uliompa, usiopungua siku tatu za kazi kwa tuhuma nzito. Hifadhi maswali hayo pamoja na daftari lako la mahojiano na nakala za nyaraka katika jalada moja lenye jina na mwaka, maana atakayetaka kukukagua anaweza kuja baada ya wewe kuhama chumba hicho cha habari.